Barua kwa mwanangu: makala mbili, zote umezikubali

Mwanangu mpenzi,

Meseji yako nimeisoma nikacheka kidogo, si kwa ubaya lakini. Unasema umesoma ile makala inayodai simu zinawaharibu watoto ukakubali kila neno, afu ukasoma ya yule jamaa mwingine anayesema simu hazina shida, shida ni wazazi, ukakubali tena, sasa unaniuliza "mama, hivi mimi sina msimamo au? Mtu anajuaje nani ana hoja na nani anajua tu kuandika?"

Msimamo unao, usijisumbue na hilo. Wote wawili wanajua kuandika basi, na anayejua kuandika anakuburuza mpaka mwisho wa makala bila kukupa nafasi ya kuvuta pumzi. Kwa hiyo soma mara ya kwanza kama kawaida yako, kasirika, furahi, halafu urudi juu utafute kitu kimoja tu, huyu mtu anataka niamini nini? Liandike hilo dai pembeni kwa maneno yako mwenyewe, sentensi moja. Kuna makala zinaishia hapo hapo, maana unakamua kurasa tatu za hasira hupati dai lolote, unapata tu kwamba mwandishi ana hasira.

Ukishalipata dai ndo uutafute ushahidi. Na hapa wengi wanauliza swali moja wanaishia hapo, "je, ni kweli?" Ni swali zuri, uliulize, ila mimi naona linalotunasa ni la pili ambalo hatuliulizi, yaani sawa, tuseme ni kweli, sasa hicho kitu kinatufikishaje kwenye hilo dai lako? Ushahidi unaweza kuwa wa kweli kabisa na hoja ikawa mbovu.

Mwaka 1946 kule Marekani sigara za Camel zilikuwa na tangazo kwamba madaktari wengi wanavuta Camel kuliko sigara nyingine yoyote. Achana na habari ya kama walihesabiwa vizuri au la. Tuseme wamehesabiwa vizuri, kila daktari kaulizwa kajibu kweli. Haya, imetuambia nini kuhusu mapafu? Hakuna. Imetuambia madaktari wanapenda kununua nini. Na angalia ujanja wake, tangazo halisemi popote kwamba sigara ni salama, linakuachia wewe uliseme mwenyewe kichwani, na jambo ulilolisema mwenyewe huwezi kulibishia. Miaka minne tu baadae, 1950, watafiti wawili wa Uingereza, Doll na Hill, wakatoa utafiti wao, wao wakaenda kuwauliza wagonjwa wa saratani ya mapafu na wagonjwa wengine wa hospitali habari za uvutaji wao, wakawalinganisha. Huo ndo ushahidi unaoligusa dai lenyewe.

Sasa turudi kwenye makala yako ya kwanza, aya ya tatu, pale anaposema watoto wanaokaa na simu mpaka usiku wa manane ndo hao hao wanaofanya vibaya darasani. Mimi nakubali kabisa kwamba ni hao hao. Lakini simu ndo imewafelisha? Au mtoto ambaye darasani mambo hayaendi anakimbilia simu kujiliwaza? Au nyumbani hakuna mtu mzima wa kumwambia kalale, na huyo huyo ambaye hayupo ndo angemsaidia homework? Zote tatu zinatoa picha ile ile. Mwandishi kachagua moja kaenda nayo kama vile zile mbili hazijazaliwa. Sisemi amekosea jamani, anaweza akawa sahihi, nasema hajaonyesha, na hivyo ni vitu viwili tofauti.

Halafu namba. Hapa nitakaa kidogo maana we ukiona asilimia unasalimu amri, nakujua.

Oktoba 1995 kamati ya usalama wa dawa ya Uingereza ilitoa onyo kwamba vidonge vya uzazi wa mpango vya aina mpya vinaongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Maradufu! Magazeti yakalibeba, wanawake wakaingiwa na hofu, wengi wakaacha vidonge siku hizo hizo. Na onyo lenyewe halikuwa uongo. Ila maradufu ya nini? Kwa wanaotumia vidonge vya zamani alikuwa anapata tatizo hilo kama mwanamke 1 kati ya 7,000, kwa hivyo vipya wakawa kama 2 kati ya 7,000. Ndo maradufu hiyo. Mwaka uliofuata inakadiriwa England na Wales kulikuwa na utoaji mimba kama 13,000 zaidi ya ilivyotarajiwa, na ujauzito wenyewe nao unaongeza hatari ya damu kuganda, tena kuliko vile vidonge walivyovikimbia. Hakuna aliyedanganya hapo, namba moja tu ilitajwa bila mwenzake, na watu wakaamua maisha yao kwa hiyo nusu ya habari. Kwa hiyo ukikuta "imeongezeka mara mbili" au "imepungua kwa nusu" usiende mbele mpaka umeuliza kutoka ngapi mpaka ngapi, kati ya watu wangapi. Kama makala haijasema, tafuta utafiti wenyewe uone.

Na usitishwe na wingi pia. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kura za maoni kama milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatangaza Landon atamshinda Roosevelt kwenye uchaguzi wa rais. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina waliyatoa kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, na mwaka 1936 uchumi umeanguka, nani ana gari? Halafu hata kati ya hao waliotumiwa, wengi hawakujibu, na anayejisumbua kurudisha karatasi si lazima afanane na yule aliyeitupa. Watu zaidi ya milioni mbili na bado ni watu wasio sahihi. Ukisoma "wengi waliohojiwa wanasema" uliza tu waliohojiwa walipatikanaje.

Umeniuliza pia kama haya yote ni kwa makala za kushawishi peke yake, maana zile za kutoa taarifa "zinaeleza tu." Hmm. Mimi zile ndo nazisoma kwa makini zaidi, kwa sababu ya kushawishi inakuja na dai lake mkononi, unaliona. Ya taarifa inashawishi kwa kuchagua, nani kapewa aya nzima na nani kapewa nusu sentensi, nani "amesema" na nani "amedai", takwimu inaanzia mwaka gani, maana ukianzia mwaka mbaya kuliko yote kila kitu kitaonekana kimepanda. Si kwamba wote wana nia mbaya, huwezi kuandika bila kuchagua, ila na wewe msomaji una haki ya kuuliza ni nani ameachwa nje.

Kuhusu stori za kuliza, ile ya yule mtoto kwenye makala ya pili iliyokugusa. Usione aibu kuguswa. Stori inaonyesha kwamba jambo linawezekana na linaumaje likitokea, hiyo kazi takwimu haiwezi. Isichoweza stori ni kukwambia linatokea mara ngapi. Mwandishi wako huyo ana mfano wa mtoto mmoja aliyejifunza kusoma mwenyewe kwa simu, kutoka hapo karuka mpaka "simu hazina shida kwa watoto." Huyo mtoto anatosha kumjibu mtu anayesema simu haijawahi kumfaa mtoto yeyote, lakini dai lake yeye ni kubwa mno kwa mtoto mmoja.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi kati ya hao wawili, wa kwanza kanishawishi kiasi, kwenye usingizi tu, maana pale angalau ameeleza simu inauibaje usingizi na akakiri kuna watoto ambao haiwasumbui, na mtu anayetaja jambo linalompinga bila kusukumwa huwa namsikiliza zaidi. Kwenye masomo bado hajanipata. Wa pili ana jambo moja zuri, pale anaposema usihesabu masaa tu, angalia mtoto anafanya nini na hiyo simu, hilo lichukue, mengine yote muachie mwenyewe.

Halafu kuna kitu, wa pili ulimkubali haraka sana, na mwanao ndo kwanza ameanza kukusumbua umpe simu kila jioni. Msome tena huyo, kwa ukali ule ule uliomsomea wa kwanza, na uniandikie ni aya gani imebaki imesimama.

Mama yako