Ukikata intavyu ya staa, usikate swali

Nianze na kero. Kila nikiwasha data asubuhi nakuta klipu za mastaa zimejaa, na karibu zote zimekatwa kwa mkasi mmoja: staa anatokea katikati ya sentensi, anatoa neno moja la moto, kicheko, imeisha, na juu wamebandika maandishi mekundu KIMENUKA. Nani kamuuliza, kaulizwa nini, ni ya mwaka gani, hamna. Afu mtu huyohuyo aliyenitumia ndo ananiuliza, dada admini hii ni kweli? Sasa mi ntajuaje na wewe ndo umeileta.

Naishi Ngamiani hapa Tanga, nasimamia grupu la WhatsApp la watu wanaopenda mahojiano ya wanamuziki. Wengi wetu tuliingia kwa njia ya taarab na dansi la zamani, mji wenyewe huu ni wa Black Star na Lucky Star na Atomic Jazz, Bi Shakila kapita kwenye bendi za hapahapa kabla hajahamia Dar, afu wakaja vijana waliokua na Wagosi wa Kaya, na siku hizi wapo watu wa Michael Jackson ambao wao hawaambiliki kitu. Uandishi wa habari sijasomea. Ila ukishinda humo kila siku unaona nini kinaharibu na nini kinasaidia, na ushauri wangu mkubwa ni huo wa kwenye kichwa cha habari: swali lisikatwe.

Kuna bibi mmoja mtaani kwetu aliimba taarab enzi hizo, jina nalihifadhi. Kijana mmoja alipata mahojiano yake ya redio akanyofoa kipande ambacho bibi anasema "Yule mimi sina habari naye, alipo na akae hukohuko." Basi akakibandikia picha ya mwimbaji mwenzake ambaye ni marehemu, na kapsheni ya bifu la kaburini. Klipu ikatembea, ikavuka mpaka hadi Mombasa, ndugu wa marehemu wakaipata, unaweza kufikiria simu zilizopigwa. Nikamfuata bibi kwake jioni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, kaa hapo mkekani. Umekuja na yale ya kwenye simu?"

Nikampa simu, akaibana sikioni akafumba macho, akasikiliza mpaka mwisho, akasema nirudie. Afu akacheka ile ya hasira. "Hapo niliulizwa habari za yule aliyekua akishika hela zetu za safari. Mwenzangu nimtukane kwa lipi, na kanga zangu alikua akivaa yeye?"

Tukamtafuta mtangazaji aliyemhoji, mtu mwema, alikua nayo yote kwenye kompyuta yake akatupa. Na kweli, sekunde chache tu kabla ya lile jibu unamsikia anauliza vizuri kabisa, na yule meneja wenu aliyekua akipokea fedha za safari, mnaongea siku hizi? Hizo sekunde chache zingeachwa zilipo kusingekua na bifu la kaburini wala simu za Mombasa. Jibu bila swali ni supu ya pweza bila pweza, kila mtu ananywa maji anasema anasikia utamu.

Kwa hiyo ukitaka kushea kipande, anzia pale mtangazaji anapouliza, hata kama anajikwaa anajikwaa, hata kama swali lake refu linaboa. Na mwache staa amalize. Watu wetu wa pwani hasa wana tabia ya kutoa jibu afu wanaligeuza mwishoni, "lakini namtania tu, yule ndugu yangu", na mkataji anakata kabla ya hilo "lakini". Kama programu ya simu yako inakubali sekunde chache tu na swali halienei, basi liandike kwenye kapsheni kwa maneno yako, kaulizwa kuhusu fulani akajibu hivi. Dakika moja hiyo, haikuui.

Na msidhani ni mambo ya Bongo tu. Mwaka 2003 mtangazaji Martin Bashir alirusha kipindi kule Uingereza baada ya kukaa na Michael Jackson kwa miezi, dunia nzima ikaongea. Kumbe watu wa Jackson nao walikua na kamera yao inarekodi pembeni wakati Bashir anarekodi, na mwezi uleule wakatoa vipande vilivyoachwa, unamuona Bashir anamsifia jamaa kwa anavyoishi na wanawe, wakati kwenye kipindi chenyewe maelezo yake yalikua ya kumtilia shaka. Mazungumzo yaleyale, kamera mbili, picha mbili tofauti kabisa. Sisemi nani alikua malaika, hiyo kesi ya grupu langu haijawahi kuisha na nimewapiga marufuku kuijadili usiku. Ninachosema ni kwamba Jackson alikua na hela ya kuweka kamera ya pili. Bibi wa Ngamiani hana. Kamera yake ya pili ni wewe shabiki unayeshea.

Bashir huyohuyo ndo alimhoji Diana, yule wa familia ya kifalme ya Uingereza, 1995, na mwaka 2021 ripoti ya jaji mstaafu Dyson ikaeleza kwamba alitumia nyaraka za kughushi za benki mpaka akafika kwa yule mama, BBC wakaomba radhi. Toka hapo klipu ya mahojiano yale ikipita kwangu naweka mstari mmoja wa hiyo habari. Intavyu ilivyopatikana nayo ni sehemu ya intavyu.

Afu kuna hili la ngozi. Barazani kwetu mpaka leo utasikia Michael Jackson alijichubua. Kwenye mahojiano na Oprah Winfrey, Februari 1993, alisema mwenyewe kwamba ana ugonjwa unaoharibu rangi ya ngozi, na alipofariki 2009 uchunguzi wa mwili ukathibitisha, ni mbalanga. Kipande kile ukikishea na swali la Oprah likiwemo, huna haja ya kubishana na mzee yeyote, unamwekea tu anasikiliza. Nimeshafanya hivyo nje ya duka la mangi, mzee akasema "aa kumbe", akarudi kwenye bao lake.

Sasa tarehe. Hapa ndo penye utamu wangu, mnisamehe ntarefusha.

Staa akioa, akiachwa, akifa, kesho yake zinafufuka klipu za miaka kumi nyuma zinatembezwa kama za jana. Mtu anamtaja mpenzi wake wa 2012 watu wanadhani kamsaliti mke wa sasa. Kwa hiyo kabla hujashea tafuta ni ya lini. Kama ipo YouTube angalia tarehe ya kupandishwa, lakini usiiamini moja kwa moja, nyingi zimepandishwa upya na watu wengine, hiyo tarehe inakwambia tu kwamba si ya baada ya hapo. Vitu vya kukusaidia vimo ndani ya video yenyewe. Angalia tangazo la simu lililo nyuma ya staa au kwenye fulana ya mtangazaji: kama ni Celtel ujue ni kabla ya 2008 ilipogeuka Zain, na Zain ikawa Airtel 2010, yaani ukiona Zain umeshapata dirisha la miaka miwili tu, raha iliyoje. Sikiliza namba ya simu wanayosoma wasikilizaji wapige. Ikianza na 0744 au 0741 au 0748 hiyo ya zamani sana, ni kabla namba hazijabadilishwa kuwa 0754, 0713 na 0784 miaka ya 2000 katikati. Mtangazaji akisema Radio Tanzania Dar es Salaam, au pembeni ya skrini kuna TVT, ile televisheni ya taifa ya zamani, ni kabla ya TBC. Na wao wenyewe wanajitaja bila kujua, "mechi ya jana", "uchaguzi wa mwezi ujao", hivyo unaweza kuvitafuta.

Mgosi mmoja kwenye grupu alileta video ya mwanamuziki wa dansi akasema ni ya mwaka huu. Kijana mdogo kabisa, sijui kaingia form ngapi, akamjibu, kaka hiyo meza ina kava la CD na staa anasema albamu ipo madukani kwa kanda na CD, mwaka huu unanunua kanda duka gani? Tulicheka mpaka basi. Huyo dogo sasa hivi ndo mtu wetu wa tarehe.

Ukishindwa kabisa kuijua tarehe, andika "tarehe haijulikani" na uishie hapo. Usiandike "hivi karibuni", hilo neno limeua watu.

Kuhusu bando. Wenzetu wengi wananunua MB za siku, ukitupia video nzima ya saa zima kwenye grupu wengine hawaifungui na wengine simu inaipakua yenyewe wanaamka hawana hata ya kutuma meseji. Mi nafanya hivi, natuma linki ya kule ilikotoka, chini yake naandika dakika: dakika ya 6 anaelezea alivyoanza, dakika ya 14 swali la kuvunjika kwa bendi, dakika ya 31 anaimba bila vyombo. Mtu anaenda moja kwa moja anakotaka. Kwa wazee nanyofoa sauti peke yake, ni nyepesi, na wao hata hawataki picha, wanasikiliza huku wanafanya mambo yao kama redio.

Kutuma linki kuna faida nyingine, aliyefanya kazi anapata watazamaji wake. Mtangazaji kahangaika kumpata staa, kalipia studio, we unachukua unapandisha kwenye chaneli yako unaweka jina lako kubwa juu ya nembo yake, hapana jamani. Na YouTube hawacheki na hilo, straiki tatu, yaani maonyo matatu ya hakimiliki ndani ya siku 90 chaneli inaweza kufungwa na kila kilichomo. Ukitaka kuitumia yote, mwandikie mwenyewe umwombe. Watangazaji wa redio za mikoani wengi wanakubali, wanafurahi hata kuona mtu kakumbuka kipindi chao, wanachotaka ni utaje jina la kipindi.

Sheria nayo ipo, nitaigusa kidogo maana kuna wadogo zangu wana mapage ya udaku wanadhani ni mchezo. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilitoka 2018 zikaandikwa upya 2020, anayerusha habari mtandaoni kibiashara aende TCRA, mamlaka ya mawasiliano, akaulizie leseni inayomhusu. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inamgusa anayechapisha kitu akijua ni cha uongo au cha kupotosha kwa nia ya kumchafua mtu. Sasa umekata swali makusudi, umeweka picha ya mtu asiyehusika, hapo utasema hukujua?

Kingine, mkishashea msimtagi staa kwenye matusi. Mnataka ajibu, najua, na wengine wanajibu kweli mnapata kiki. Lakini nimeona wanamuziki wawili wa hapahapa Tanga wameacha kabisa kuhojiwa kwa sababu hiyo, mmoja akiitwa redioni anauliza kwanza, mtaikata? Tunaokosa ni sisi.

Mwisho kuna wanaoniuliza inbox kuhusu kaseti, maana majumbani kwetu zimejaa, mahojiano ya waimbaji ambayo hata redio yenyewe sidhani kama bado inayo. Msizitupe. Kwanza ondoa vile vipande viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Iangalie utepe dirishani, unyevu wa bahari unaleta ukungu mweupe, ukiuona usiiweke kwenye redio maana utachafua hedi, kile kichuma kinachosoma utepe, na kaseti nyingine zote zitakazofuata, mpe fundi aisafishe. Kama ni safi, ipeleke mbele mpaka mwisho kisha irudishe, futa hedi ya redio kwa pamba na spiriti, chukua waya toka tundu la hedifoni uingize kwenye kompyuta, programu ya Audacity ni ya bure. Rekodi upande wote bila kusimamisha, usianze kuchagua vipande hapohapo. Piga picha kava na maandishi ya kalamu yaliyopo, hata kama ni jina la mtu na "side B" tu. Na kama mwenye kaseti yupo hai, muulize leo ilirekodiwa lini na nani alikua anauliza maswali, uandike kwenye jina la faili kabla hujaliita audio1.