Mashaka ndani ya kuta za watawa: maswali yenu kuhusu filamu

Mama yangu hataki tuangalie The Nun's Story kwa sababu mwishoni sista anaacha utawa. Kweli inalitukana Kanisa? (Msomaji, Songea)

Hapana, na mama akivumilia hadi mwisho huenda akabadili mawazo. Ni filamu ya mwaka 1959. Audrey Hepburn ni Sista Luke, muuguzi Mbelgiji mwenye hamu ya kutumwa Kongo, na sehemu za huko zilipigwa picha Stanleyville, Kisangani ya leo. Sista huyu haachi utawa kwa ajili ya mwanamume. Kinachomshinda ni utii. Mama mkuu anamshauri aanguke makusudi kwenye mtihani wa magonjwa ya nchi za joto, eti ajifunze unyenyekevu. Anaingia mbele ya madaktari, anajibu, anafaulu. Badala ya Kongo, anapelekwa kwanza kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili! Miaka baadaye vita vinamuua baba yake, naye anajikuta hawezi kuwasamehe Wajerumani. Anavua vazi peke yake, mlango unafunguka, anatokea uchochoroni, na hakuna muziki wowote wa kutuambia tulie au tushangilie. Mimi lawama yangu ni nyingine: Wakongo wamekaa pembeni kama mapambo, tena nchini kwao.

Watawa wa Algeria katika Des hommes et des dieux walijua hatari. Kubaki si kujitakia kifo?

Wenyewe walibishana juu ya hilo hilo. Watrapisti (shirika la watawa Wakatoliki) saba wa monasteri ya Tibhirine walitekwa usiku wa kuamkia 27 Machi 1996, wakauawa. Filamu ya Xavier Beauvois ilitoka 2010. Mkuu wao, Christian, anakataa ulinzi wa jeshi bila kuwauliza wenzake, nao wanamjia juu. Wanakaa mezani, kila mmoja anatoa lake, na wapo wanaosema waziwazi kwamba wanataka kuondoka. Christophe analia usiku akimsihi Mungu asimwache. Sauti inapenya hadi kwa wenzake. Kinachowabakiza ni majirani zao Waislamu. Mtawa mmoja anasema wao ni kama ndege juu ya tawi, mama wa kijijini anamsahihisha: ndege ni sisi, tawi ni nyinyi.

Ila kuondoka nako si usaliti. Watrapisti wa Lumbwa, Kenya, walihamia Uganda baada ya vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Sioni wa kuwaita waoga.

Abate aliyepoteza imani anawaongozaje wenzake? Nimeona Catholics ya 1973.

Huyo ndiye ninayempenda kuliko wote. Watawa wa kisiwa kimoja cha Ireland wameng'ang'ania Misa ya Kilatini, Roma inamtuma padre kijana awakomeshe. Ungedhani mtetezi wa mapokeo ndiye mwenye imani ya kutikisa milima, kumbe abate, Trevor Howard, miaka mingi hawezi kusali. Mwishoni anapiga magoti na kuwaanzishia Baba Yetu. Wapo wanaouita unafiki. Mimi namwona mzee anayewapa wenzake kitu ambacho yeye mwenyewe hana.

Into Great Silence, ile ya Wakartusi, watawa wanaoishi kwa ukimya, nilisinzia. Nina tatizo?

Huna. Ni karibu saa tatu, bila msimulizi. Mwongozaji Philip Gröning aliwaomba watawa ruhusa ya kuwapiga filamu mwaka 1984, akaambiwa bado mapema, akajibiwa miaka 16 baadaye. Ukizidiwa, ruka hadi pale watawa wanapoteleza kwenye theluji huku wakicheka.