Huyo ni baba wa watu

SWALI: Shikamoo Bibi. Ninaishi Mwanga, Kigoma. Mwezi uliopita nilinunua sanamu ya mti kwa dalali anayeleta vitu kwa boti kutoka Kongo. Ni mzee amesimama, ameshika tumbo kwa mikono miwili, na anaonekana wa zamani kweli. Nimeiweka sebuleni juu ya kabati la TV, karibu na kile kiduara chenye wavu na manyoya ambacho mdogo wangu alinitumia kutoka Marekani. Wageni wote wanaisifu. Ila mama mkwe, ambaye ni Mbembe wa Baraka, huko Kongo, tangu aione hakai tena sebuleni, hata chakula anakula barazani. Aliniambia maneno matano tu: "Huyo ni baba wa watu." Mume wangu anasema mti ni mti, na sisi ni Wakristo, hatuna habari na mizimu. Kosa langu ni lipi? – Mama Neema

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mambo ya imani tuyaweke kando. Mimi ni mtu wa swala tano, na sitakutisha kwamba sanamu itatembea usiku. Ninachotaka kujua ni hiki: hiyo sanamu ilitoka kwa nani, na aliyeitoa alikuwa na ruhusa ya nani?

Nimekulia Ng'ambo, hapa Tabora. Kijijini kwa babu mzaa mama, nyuma ya nyumba, palikuwa na vibanda viwili vya nyasi, vifupi kuliko mtoto wa darasa la kwanza. Kabla ya msimu wa kupanda babu alikoroga unga mweupe wa mtama kwenye maji, akanyunyiza mlangoni mwa vibanda huku akiita majina ya wazee wake, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Ndani mlikuwa na kigoda cha miguu mitatu na chungu kidogo cha pombe. Kigoda kile ungekikuta sokoni ungekiona kizuri tu, ungeulizia bei. Hakuna kitu juu yake ambacho kingekuambia kwamba kuna watu hukipigia magoti.

Sasa itoe sanamu yako nje, uitazame juani. Tumbo na mabega yamelainika kwa kushikwa na mikono miaka mingi, au yamepakwa kiwi? Kwenye mikunjo ya macho kuna mabaki ya udongo mweupe? Utosini pana tundu lililozibwa? Najua pia kwamba wauzaji wengine huchonga leo, wakafukiza moshi na kufukia ardhini ili kitu kizeeke upesi. Ikiwa ni hivyo, umepunjwa pesa na basi. Lakini mama mkwe wako ameiona kwa macho yake, na huko ilikotoka anapajua; aliposema "baba wa watu" alimaanisha ni mzee wa ukoo wa watu fulani. Jicho lake naliamini kuliko la dalali.

Fikiria ilivyoweza kufika kwako. Watu wa Fizi na Baraka walianza kumiminika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kasulu, mwaka 1996, wakikimbia vita. Mtu anayekimbia risasi hubeba mtoto na sufuria, habebi kibanda cha wazee wake. Kilichobaki nyuma huokotwa na asiyehusika.

Na desturi ya kuvipeleka sebuleni ina historia mbaya katika ziwa lenu hilohilo. Mbelgiji Émile Storms alikuwa mkuu wa kituo cha Karema, upande wetu, kisha akaanzisha kingine Mpala, ng'ambo ya ziwa. Desemba 1884 aliwatuma watu wake kumvamia Lusinga, mtawala wa Watabwa. Lusinga aliuawa, akakatwa kichwa, na sanamu ya ukoo wake ikachukuliwa. Storms alirudi kwao na vyote viwili. Sanamu hiyo na nyingine zikapangwa juu ya meko sebuleni kwake Brussels, katikati ya silaha za kutundikwa ukutani, na bila shaka wageni walizisifu. Miaka ya 1930 mjane wake alizitoa kwa jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels. Mwaka 2022 sanamu ya Storms mwenyewe iliondolewa kwenye bustani ya Brussels. Fuvu la Lusinga bado liko mjini humo. Hilo linaniuma kila nikilikumbuka.

Kenya nako, vigango ambavyo Wamijikenda huwasimamishia wazee wao waliofariki viliibwa vikauzwa Marekani kama mapambo. Mwaka 2014 jumba la makumbusho la Denver liliamua kurudisha vigango 30. Kwetu Tanzania ipo Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na mgeni wako akikuomba umuuzie sanamu aondoke nayo ndani ya begi, kataa.

Kile kiduara ni habari nyingine. Asili yake ni Waojibwe wa Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, waliokitundika anapolala mtoto mchanga ili wavu unase mabaya yasimfikie. Siku hizi viwanda vinavitoa kwa maelfu, na wenyewe hawapati hata senti. Muulize mdogo wako alikinunua kwa nani. Kama alikitengeneza Muojibwe mwenyewe akakiuza kwa hiari yake, kitundike chumbani kwa mtoto, na watoto wako waambie ni cha akina nani.

Sanamu nayo ishushe leo. Ifunge kwa kitambaa safi, uiweke chumba kisichopitwa na wageni. Kisha nenda barazani, umpigie mama mkwe magoti, umuulize ile ni ya watu gani, na kama kuna wazee wa Kibembe hapo Kigoma au Nyarugusu wanaoweza kuipokea. Wenyewe wasipopatikana, mweleze ofisa utamaduni wa manispaa. Usimrudishie dalali hata akikupa pesa yako yote, maana kesho itakuwa juu ya kabati la mwingine. Na mama akisema twendeni Nyarugusu, mume wako ndiye afuatane naye. Ni mama yake.