Baada ya shahada ya uhandisi

SWALI: Bwana Mhariri, kijana wangu amehitimu shahada ya uhandisi wa ujenzi, lakini anaambiwa bado si mhandisi mtaalamu. Amepungukiwa na nini? Mzazi, Likoni.

JIBU: Mzazi mpendwa, kwa Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011, kijana wako husajiliwa kwanza na Bodi ya Wahandisi ya Kenya kama mhandisi mhitimu, kisha afanye kazi kwa miaka isiyopungua 3, afaulu mtihani wa kitaaluma na awe mwanachama wa taasisi ya wahandisi. Miaka hiyo wengi huihesabu tu; afadhali yeye aitumie. Hesabu za boriti amezisoma darasani, ila hapa pwani chumvi ya bahari hupenya ndani ya zege na kuzitia nondo kutu, nayo kutu huvimba na kulipasua zege lenyewe, na huenda fundi mzee wa Kisauni ndiye atakayemwonyesha jinsi zege jembamba juu ya nondo linavyoharakisha uharibifu huo. Amsikilize bila kiburi. Tena ajizoeze kuandika ripoti zinazoeleweka, na akatae kutia sahihi kazi asiyoikagua, hata anayemwomba akiwa mwajiri wake.