Ta hyparchonta: kitenzi kilichogeuka mali

Swali: Mwalimu, shikamoo. Kwenye Luka 12:33, "Viuzeni mlivyo navyo", Kigiriki kina ta hyparchonta. Kamusi inanirudisha kwenye kitenzi hyparchō, "kuwapo". Kitenzi kimekuwaje mali? Tena mhubiri mmoja alitufundisha kwamba kwa kuwa ndani yake mna archē, "mwanzo", hiyo ni mali ya urithi tu. Ni kweli?

Jibu: Marahaba. Nianze na la mhubiri, maana ndilo linalopotosha. Ni kweli hyparchō kimeundwa kwa hypo na archō, na zamani kiliweza kumaanisha "kuanza". Lakini neno haliburuzi asili yake kila liendako. Sisi wenyewe tunakula kifungua kinywa bila kumuuliza mtu kinywa kilifungwa na nani. Isitoshe, Zakayo anaitoa nusu ya hyparchonta zake (Luka 19:8), na papo hapo anataja uwezekano wa kuwa amenyang'anya watu. Urithi gani huo?

Sasa kitenzi. Soma Matendo 3:6. Biblia yetu inasema "Mimi sina fedha, wala dhahabu". Petro kwa Kigiriki anasema ouch hyparchei moi, yaani "haipo kwangu". Chukua kitenzi hicho, kipe umbo la sifa, wakati uliopo, wingi, jinsia isiyo ya kiume wala ya kike, kisha tanguliza kibainishi ta (kama "the" ya Kiingereza). Unapata "vilivyopo", na vilivyopo kwa mtu ndiyo mali yake.

Hapa msemaji wa Kiswahili ana bahati. "Kumiliki" tunalo, lakini kwa kawaida hatutumii kitenzi kimoja kama echō cha Wagiriki. Tunasema "kuwa na". Ndiyo maana "mlivyo navyo" ni tafsiri nzuri kuliko "mali": O-rejeshi ya vi- inabeba vitu bila kuvitaja, kama ta inavyofanya.

Mwenye mali hutajwa kwa njia mbili. Luka 12:33 ina hymōn, uhusika (umbo la neno kulingana na kazi yake katika sentensi) wa umilikishi: "vyenu". Luka 8:3, habari za wale wanawake waliomhudumia Yesu, ina autais, uhusika wa kupewa: "vilivyokuwapo kwao". Kitenzi cha asili bado kinapumua hapo, ila usijenge hubiri juu ya tofauti hiyo; mali ni ile ile.

Ukikutana na hyparchousin kwenye Luka 14:33, usiogope: ni neno lile lile katika uhusika wa kupewa. Kitenzi cha hapo, apotassomai, "kuachana na", hudai uhusika huo, basi. Na kwenye Luka 11:21, "vitu vyake vi salama", kitenzi estin, "ni", ni cha umoja ingawa vitu ni vingi: kwa jinsia isiyo ya kiume wala ya kike ni kawaida ya Kigiriki.

Usilichanganye na ktēma, neno jingine la mali, linalotoka kwa ktaomai, "kujipatia". Matendo 2:45 inayaweka pamoja ktēmata na hyparxeis, nomino ya ukoo wa neno lako. Ktēma mara nyingi ni ardhi: mali aliyouza Anania katika Matendo 5:1 inaitwa ktēma, na kufika mstari wa 3 imekuwa chōrion, kiwanja.