Mboga zinazolia mdomoni: kausha kwanza, ndipo uwashe

Wamama wengi wa hapa Bukavu walionunua eafraya, yaani kikaangio cha hewa, wanaitumia kwa kuku na chipsi tu. Mboga walijaribu kidogo, zikatoka laini, zimenywea, zina jasho, wakarudia sufuria. Nawaandikia hao, kwa sababu mboga ndiyo kazi ambayo mashine hii inaifanya vizuri kuliko zote, na mboga hatuna njaa nazo. Karoti na kabichi zinashuka kutoka Kabare, maboga, bilinganya, nyanya chungu na maharagi mabichi yapo kwenye masoko ya Kadutu na Nyawera kila asubuhi. Kinachokosekana jikoni ni subira ya kuzikausha.

Tuelewane kwanza mashine inafanya nini. Juu kuna waya unaowaka, na nyuma yake kuna pangaboi linalosukuma hewa ya moto izunguke kwenye kikapu kwa kasi. Ni oveni ndogo yenye upepo mkali, basi. Philips waliionyesha Berlin mwaka 2010, na tangu hapo kila kiwanda kimetoa yake. Mafuta yanayochemka yanaizingira mboga pande zote na kuifukuza maji kwa nguvu. Hewa haina nguvu hiyo. Maji yakiwa bado juu ya ngozi ya mboga, moto wote unaliwa na kazi ya kuyageuza mvuke, na ngozi yenyewe haipandi kupita joto la maji yanayochemka. Huku kwetu, juu ya ziwa Kivu kwenye mita kama 1,460, maji yanachemka karibu nyuzi 95. Rangi ya kahawia na ile harufu tamu vinaanza kwenye nyuzi 140 hivi. Kwa hiyo unaweza kuandika 200 kwenye kioo cha mashine, lakini karoti yenye maji inakaa pale chini ikichemka tu, na dakika zikiisha unatoa karoti iliyochemshwa kwa umeme.

Hivi ndivyo ninavyofanya na karoti. Naziosha zikiwa nzima, siyo baada ya kukata. Nazikata vipande vya urefu wa kidole na unene wa kidole kidogo, vyote sawa, maana chembamba kitaungua wakati kinene bado kibichi. Natandika kitambaa safi cha pamba mezani, navitawanya, nakunja kitambaa juu yake, nasugua polepole kwa viganja. Halafu naviacha wazi nikipanga mambo mengine. Msimu wa mvua, kuanzia Septemba hadi Mei, hewa ya Bukavu yenyewe ni nzito na kitambaa kimoja hakitoshi, ninacho cha pili pembeni. Unajua zimekauka ukipitisha kidole juu ya kipande na kidole kikatoka hakina unyevu, na rangi ya karoti imefifia kidogo, haing'ai tena. Ikiwa bado inang'aa, ngoja.

Mafuta yanakuja baada ya hapo, na ni kidogo. Kijiko kimoja cha mezani kinatosha nusu kilo ya mboga, ukichanganya kwa mkono ndani ya bakuli mpaka kila kipande kimepakwa. Usimimine ndani ya kikapu, yatapita kwenye matundu yakaenda kutoa moshi chini. Wale wanaosema mashine hii haihitaji mafuta kabisa wanasema kweli kuhusu kuku mwenye ngozi yake, ambaye ana mafuta ya kwake. Mboga haina. Bila mafuta inakauka tu, inakuwa ngumu na unga unga, na mtoto ataikataa kwa haki.

Mawese je? Nayapenda sana kwa maboga na bilinganya, rangi inakuwa nzuri na ladha ni ya nyumbani. Lakini asubuhi za baridi hapa kwetu mawese yanaganda kwenye chupa. Ukiyapaka yakiwa yameganda yanakaa mabonge sehemu moja, sehemu nyingine inabaki kavu. Weka chupa kwenye maji ya moto kwanza mpaka yawe mepesi.

Kuna kitu kimoja ambacho tunacho kila nyumba na hatukitumii: unga wa muhogo, ule ule wa bugali. Uchekeche vizuri, uchukue kijiko kimoja, uunyunyize juu ya mboga iliyokwisha pakwa mafuta, uchanganye tena. Wanga wake unanyonya unyevu uliobaki na kutengeneza ngozi nyembamba ambayo ndiyo inalia kwenye meno. Kwa bilinganya, ambayo ni mboga ya maji mengi, mimi siachi unga huo hata siku moja. Chagua unga mweupe usio na harufu kali, maana harufu ya muhogo uliolowekwa sana haiondoki kwenye moto huu.

Chumvi ni mwisho. Chumvi inavuta maji kutoka ndani, kwa hiyo ukiitia mapema na kuacha mboga ikae, kazi yote ya kitambaa imepotea. Bilinganya peke yake ndiyo ninayoitia chumvi mapema kwa makusudi: naikata, naitia chumvi, naiacha dakika 20, itoe maji yake, naisuuza haraka, naikamua ndani ya kitambaa. Vitunguu saumu vilivyosagwa pia ni vya mwisho, katika dakika mbili za mwisho, la sivyo vinaungua na kuwa vichungu. Ndimu ni ya mezani.

Sasa kikapu. Mboga ziwe tabaka moja, na uone matundu ya kikapu katikati yake. Hapa ndipo tunaposhindana na desturi yetu, kwa sababu sisi tunapika kwa watu wengi na mkono wetu umezoea kujaza. Kikapu cha lita nne kinabeba nusu kilo ya karoti, basi. Ukijaza kilo moja na nusu, zile za katikati zinapikwa na mvuke wa wenzake. Nyumba ya watu wanane inahitaji mizunguko mitatu, na hiyo ni sawa: mzunguko wa mwisho unapoiva, rudisha zote pamoja dakika mbili, zinapata moto na kukauka tena. Katikati ya kila mzunguko, vuta kikapu ukitikise. Sikiliza. Mwanzoni vipande vinaanguka kwa sauti nzito, vikikaribia kuiva vinagongana kwa mlio mwepesi, mkavu. Mimi naamini mlio huo kuliko saa ya mashine.

Na saa ya mashine hapa kwetu ina sababu ya kutoaminiwa. Dakika zilizoandikwa kwenye kitabu chake zinahesabu volti 220 kamili. Saa moja ya jioni, kila mtu akiwa amewasha, volti inashuka, unaona taa inakuwa ya njano. Nguvu ya waya unaowaka haishuki sawasawa na volti, inashuka zaidi. Mashine ya wati 1,500 ikipata volti 180 inatoa wati kama 1,000 tu, yaani theluthi moja ya moto imepotea, na pangaboi nalo linaweza kuzunguka pole. Mapishi yanayosema dakika 12 yatataka 18 au zaidi, na mboga itakuwa imetoa maji muda wote huo bila kupata rangi. Ndiyo maana mboga za kukauka nazipika mchana, au mapema kabla jirani hawajawasha, halafu jioni nazipasha moto dakika tatu. Anayenunua stabilizateri, kifaa cha kusawazisha volti, kwa ajili ya kazi hii aangalie iwe ya wati 2,000 au zaidi. Zile ndogo za televisheni zitaungua.

Angalia pia kichwa cha waya. Mashine nyingi zinakuja kutoka Dubai na pini tatu bapa, na ukuta wetu una matundu mawili ya duara. Wati 1,500 ni karibu ampea 7 kwenye volti 220, na adapta nyingi za bei ya chini, hasa zile za kuchajia simu, hazikutengenezwa kwa mzigo huo. Shika adapta baada ya dakika tano, ikiwa moto sana mkononi, zima. Fundi akubadilishie kichwa chenyewe, ni kazi ndogo. Ralonji moja, ule waya wa kurefusha umeme, isibebe friji na mashine hii pamoja. Na ile inayoletwa na ndugu kutoka Marekani, iliyoandikwa 110 au 120 tu, usiiguse ukuta bila transfoma kubwa.

Kuhusu gharama, jirani yangu aliniuliza mbele ya mbabula yake, jiko lake la makaa: «Mama, hii mashine haikuli pesa yote ya umeme?» Nilimfanyia hesabu. Dakika 15 za wati 1,500 hazifiki hata 0.4 ya kilowati-saa moja, na waya wenyewe unazima na kuwaka ukishafika joto lake. Kuwasha makala, yaani makaa, kwa ajili ya sahani moja ya karoti ni hasara kubwa zaidi, ya pesa na ya miti, tukikumbuka makala mengine yanatoka mpaka ndani ya msitu wa Kahuzi-Biega. Lakini maharagi makavu na sombe, yaani majani ya muhogo, vibaki kwenye mbabula au kwenye sufuria. Mashine hii ni ya vitu vifupi.

Mboga ninazoziamini, kwa umeme mzuri: maharagi mabichi, nyuzi 200, dakika 8 hadi 10, ndiyo ya kuanzia kwa mtu mgeni, kwa sababu yanakunjamana vizuri. Karoti nyuzi 190, dakika 15. Boga lililokatwa vipande vyenye ngozi yake, 190 pia, dakika 15 hadi 18. Uyoga, ukiupata, uufute kwa kitambaa tu, usiuoshe kwa kuloweka. Nyanya chungu nazikata nusu, upande wa ndani ukitazama juu, na uchungu wake unapoa ukikutana na moto mkali. Wazee wanaozila kwenye mchuzi tu wanashangaa.

Kabichi inastahili maneno yake. Watu wanaikata nyuzi nyuzi kama ya kukaanga na vitunguu, na nyuzi hizo zinaungua nje bila kuiva. Kata kabichi ndogo, ngumu, vipande vinane kupitia shina, ili shina lishike majani pamoja. Paka mafuta hata katikati ya majani. Nyuzi 180, dakika 14, geuza mara moja. Ncha za majani zinakuwa kahawia na zinavunjika, ndani kunabaki kutamu na laini. Ukiweka pembeni ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, na bugali, watu wataacha sambaza.

Lengalenga, yaani mchicha, usiitie. Majani mepesi yanarushwa na upepo mpaka juu kwenye waya unaowaka, yanaungua pale, na nyumba inajaa moshi. Sombe usiitie kabisa, na hapa nasema kwa uzito: majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, inayotoka kwa kutwanga na kuchemsha kwa muda mrefu bila kufunika, siyo kwa upepo wa moto wa dakika kumi. Muhogo wenyewe uchemshwe kwanza mpaka uive, umwagwe maji, upoe, ukauke, ndipo uingie kupata ngozi. Kolokazi, yaani magimbi, vilevile, la sivyo itawasha koo. Na kwa kuwa maji yetu yanachemka kwenye joto la chini kuliko kule mabondeni, ongeza muda wa kuchemsha, usifuate kitabu cha mtu wa Mombasa au wa Kinshasa.

Viazi, vya kawaida na vitamu, vinataka jicho. Viloweke vikiwa vimekatwa nusu saa kwenye maji baridi, maji yachukue wanga na sukari ya juu, halafu ukaushe kwa kitambaa kuliko mboga nyingine yoyote. Viondoe vikiwa vya dhahabu. Tangu mwaka 2002, watafiti wa Uswidi walipotangaza kwamba vyakula vya wanga vikikaangwa sana vinatengeneza akrilamaidi, mimi sipikii watoto viazi vya kahawia nzito, hata kama wanavipenda hivyo.

Siku ya wageni, songa bugali kwanza uufunike, samaki awe tayari, mchuzi uwe tayari, pilipili mezani. Mboga ziwe zimekwisha kupikwa mchana na zimepoa kwenye sinia pana, bila kifuniko, maana kifuniko kinarudisha mvuke juu yake. Watu wakianza kunawa mikono, ndipo urudishe mboga kwenye mashine, nyuzi 200, dakika tatu. Zitie chumvi zikiwa bado moto, uzipeleke kwenye sahani pana, siyo bakuli lenye shimo. Zilizobaki ziweke kwenye friji zikiwa zimepoa kabisa, na kesho yake uzirudishe kwa joto lile lile. Maikrowevu itazilainisha zote.