Kihisi kinasema 38, oveni inasema 27

SWALI: Natafiti unyevu wa udongo kwenye shamba la mahindi hapa Morogoro. Kihisi kinasoma asilimia 38. Sampuli niliyoitoa kando yake kwa pete ya sentimita za ujazo 100 ilikuwa gramu 165 mbichi na gramu 130 kavu, bila uzito wa pete. Napata asilimia 27. Je, kihisi ni kibovu?
Mwanafunzi wa uzamili

JIBU: Usikitupe. Umegawa gramu 35 za maji kwa gramu 130 za udongo mkavu, ukapata asilimia ya uzito. Kihisi hutoa asilimia ya ujazo. Gawa hizo 35 kwa ujazo wa pete, yaani 100, unapata 35. Tofauti halisi ni 3, wala si 11, na vihisi vingi vinavyotegemea mlinganyo wa kiwandani (hesabu inayogeuza usomaji kuwa asilimia) hukosea kiasi hicho.

Hata kwa hizo 3, anza kuikagua oveni. Nyuzi 105 kwa saa 24 ndiyo kawaida, ila udongo mzito wa mfinyanzi huchelewa kukauka: pima, rudisha kwa saa chache, pima tena hadi uzito usibadilike. Sampuli ifunikwe palepale shambani, na ikitoka kwenye oveni ipoe ndani ya desiketa (chombo kilichofungwa chenye kikaushio), maana udongo mkavu hunyonya unyevu wa hewa. Udongo wenye jasi nyingi (madini yenye maji ndani ya fuwele zake) usiuweke kwenye 105. Fuwele za jasi zitaachia maji yake nawe utayahesabu kama unyevu.

Baada ya hapo tengeneza mlinganyo wako mwenyewe. Anika udongo wa shamba hilo, uchekeche, kisha ushindilie kwenye ndoo kwa msongamano uleule wa shambani. Kwako ni gramu 1.3 kwa sentimita ya ujazo, kwa hiyo lita 4 zitake kilo 5.2 za udongo mkavu (ulioanikwa tu bado una maji kidogo, yapime uyatoe kwenye hesabu). Ongeza mililita 200 za maji, ambazo ni asilimia 5 ya ujazo, changanya, funika usiku kucha, shindilia tena hadi ujazo uleule. Soma mara tatu mbali na kuta za ndoo, kisha toa pete moja ya kwenda oveni. Rudia hadi udongo ukaribie kushiba. Andika namba ghafi za kihisi, si asilimia zake, kando ya asilimia ya ujazo ya oveni: uhusiano wao ndio mlinganyo wako. Wengi huharibu kwenye kushindilia: udongo ukiwa mlegevu, kihisi husoma chini.

SWALI: Kwenye udongo mweusi wa mbuga, kiangazi usomaji huporomoka ghafla. Kwa nini?

JIBU: Udongo huo husinyaa na kuachana na meno ya kihisi. Kihisi hakioni maji moja kwa moja. Hupima tabia ya umeme (uwezo wa kitu kuhifadhi nishati ya umeme, namba isiyo na kizio) ambayo kwa maji ni takriban 80, kwa chembe za madini 3 hadi 5, kwa hewa 1. Uwazi mwembamba tu kandokando ya meno, ambako kihisi huhisi zaidi, hushusha namba. Kichomeke upya kwenye ukuta wa shimo usiovurugwa, udongo ukiwa na unyevu, na usijazie ufa kwa mchanga. Data za kipindi cha ufa zitie alama na uziondoe kwenye uchambuzi.